Vumbi la Njia Nyeupe

Mwezi Julai mwaka 1983 umeme ulikatika chuoni petu kwa siku tisa. Mafuta ya jenereta hayakuwapo, na mishumaa ya dukani iliisha siku ya pili. Wakati huo nilikuwa mkufunzi wa jiografia na sayansi, kijana bado, na nilikuwa na imani kubwa mno na elimu yangu. Badala ya kuwaacha wanachuo walale saa mbili usiku kama kuku, niliwatoa nje hadi uwanja wa mpira, nikawaketisha juu ya nyasi kavu, nikaanza kuwafundisha mbingu.

Msomaji aliyezaliwa na kukulia mjini huenda hajapata kuiona Njia Nyeupe inavyokuwa mwezi wa Julai huku kwetu, wakati hakuna mwezi wala wingu. Usiku ule ilikuwa imetanda kutoka kaskazini mashariki hadi kusini magharibi, pana, ikipita karibu na utosi, na sehemu yake nene kuliko zote ilikuwa pale lilipo kundi la nyota la Kausi, ambalo wengine huliita Mshale, jirani na Nge. Niliwaambia wanachuo kwamba weupe ule ni nuru ya nyota nyingi zilizo mbali, hata jicho haliwezi kuzitenga moja moja. Hilo lilikuwa kweli. Nikawaambia kwamba sisi wenyewe tumo ndani ya kundi hilo kubwa la nyota, yaani galaksi yetu, na kwamba tunaiona kama mkanda kwa sababu imebapa kama sahani nasi tunaitazama kutoka ndani. Hilo nalo lilikuwa kweli.

Ndipo kijana mmoja kutoka upande wa Rukwa, mpole, asiyesema sana darasani, akakohoa gizani, akauliza, "Mwalimu, haya madoa meusi yaliyo katikati ya weupe ni nini?"

Nikajibu bila kusita, "Hapo ni mahali pasipo na nyota."

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Pasipo na nyota, Mwalimu, au pasipoonekana nyota?"

Wenzake wakaangua kicheko. Nami, badala ya kufikiri, nilicheka pamoja nao, nikamwambia kwamba hapa tunafundisha sayansi wala hatuchezi na maneno, na kama ana swali la sarufi akamwone mkufunzi wa Kiswahili. Wakacheka tena. Yule kijana hakuuliza kitu kingine usiku ule, na kwa kadiri ninavyokumbuka hakuniuliza kitu kingine hadi alipohitimu.

Ilinichukua miaka tisa kujua nilichofanya. Mwaka 1992, nikiwa tayari mkuu wa chuo kingine, tulipokea makasha ya vitabu vya msaada, vingine vimeliwa na mchwa njiani. Kimojawapo kilikuwa kitabu cha Kiingereza cha elimu ya nyota, kisicho na jalada. Nilikisoma kwa juma zima. Humo nikakuta kwamba swali la yule kijana, karibu kwa maneno yaleyale, ndilo lililowasumbua wanafalaki wa Ulaya na Marekani kwa muda wa miaka 145 hivi, na kwamba watu wenye akili kuliko mimi mara elfu walijibu kama nilivyojibu. Habari yenyewe ina historia, nami naomba msomaji anivumilie niieleze.

Galileo alipoielekeza darubini yake kwenye Njia Nyeupe, akachapisha aliyoyaona mwaka 1610, alithibitisha kwamba ule weupe ni nyota zisizo na idadi. Lakini zimepangwaje? Mtu wa kwanza aliyejaribu kulijibu hilo kwa kuhesabu alikuwa William Herschel, Mjerumani wa Hanover aliyehamia Uingereza, akaishi kwa kupiga kinanda kanisani na kufundisha muziki, huku usiku akitengeneza vioo vya darubini kwa mikono yake. Mwaka 1781 aligundua sayari ya Uranus, na tangu hapo mfalme akampa posho aache muziki. Basi akaanza kuhesabu nyota. Aliielekeza darubini sehemu hii ya mbingu, akahesabu nyota alizoziona, akahamia sehemu nyingine, akahesabu tena. Sehemu zilizoingia katika hesabu aliyoichapisha mwaka 1785 zilikuwa 683. Dada yake, Caroline, ndiye aliyekuwa akiandika, kaka akitamka na yeye akinukuu, usiku wa baridi baada ya usiku wa baridi. Mara nyingi nimemfikiria dada huyu. Katika kila kazi kubwa ya elimu kuna mtu anayeshika kalamu na ambaye jina lake huandikwa kwa herufi ndogo, ingawa yeye mwenyewe alikuja kugundua vimondo vyenye mikia kadhaa kwa darubini yake.

Herschel alifanya makisio mawili. La kwanza, kwamba nyota zimetawanyika kwa wastani ulio sawa. La pili, kwamba darubini yake inafika hadi mwisho wa kundi zima. Kwa hiyo penye nyota nyingi mwisho uko mbali, na penye chache mwisho uko karibu. Akachora umbo lililobapa, lenye kingo zilizochanika-chanika, na jua letu akaliweka karibu na katikati. Baadaye alipopata darubini kubwa zaidi akaona nyota nyingine nyuma ya zile za kwanza, akaanza kuyatilia shaka makisio yake mwenyewe. Kwa hilo namheshimu. Lakini mchoro ulikwisha kutoka, na mchoro ukishaingia vitabuni ni vigumu kuutoa. Sisi walimu twalijua hilo.

Na yale madoa meusi? Caroline, akiwa bibi kizee wa zaidi ya miaka 80, amerudi kwao Hanover, alimwandikia barua mpwawe John, mtoto wa William, aliyekuwa amesafiri hadi Rasi ya Tumaini Jema kule Afrika Kusini kuzipima nyota za kusini, kazi iliyomchukua tangu mwaka 1834 hadi 1838. Alimwomba alichunguze kundi la Nge. Alimweleza kwamba zamani usiku mmoja kaka yake alikaa kimya kwa muda mrefu kwenye darubini, kisha akasema kwa lugha yao ya nyumbani kwamba hapo kwa hakika pana tundu mbinguni, na kwamba alirudi tena na tena mahali palepale bila ya kuridhika.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyonigusa. William Herschel hakuridhika. Aliyaita matundu, akajieleza kwamba labda nyota zimevutana zikakusanyika kandokando na kuacha nafasi wazi, lakini akawa anarudi kutazama. Mimi nilitazama mara moja, nikaridhika papo hapo, nikamcheka aliyeuliza.

Baada yake likaja jambo la picha. Edward Emerson Barnard alizaliwa Nashville, Marekani, mwaka 1857, katika umaskini mkubwa, na akaanza kazi katika studio ya mpiga picha akiwa mtoto wa miaka 9 hivi. Alipokuwa mwanafalaki alipiga picha za Njia Nyeupe ambazo hadi leo zinasifiwa, na ndani yake madoa meusi yalionekana dhahiri, mengine yana umbo la nyoka, mengine kama mizizi ya mti. Kwa miaka mingi Barnard naye aliyaita matundu. Kisha usiku mmoja wa kiangazi mwaka 1913, akiwa anapiga picha za upande wa Kausi, vikapita vipande vidogo vya mawingu ya kawaida, mawingu haya yetu ya mvua. Mbele ya mng'ao wa nyota vilionekana vyeusi kama matone ya wino, sawasawa na yale madoa. Mwaka 1919 alichapisha orodha ya madoa 182.

Nikisoma habari hiyo nilijiuliza: mimi nimeyaona mawingu yakipita mbele ya Njia Nyeupe mara ngapi tangu utoto wangu? Mchungaji yeyote wa ng'ombe ameyaona. Pengine hata yule kijana wa Rukwa aliyaona, ndiyo maana akauliza.

Hata hivyo kukubali kwamba kuna mawingu machache hapa na pale si sawa na kukubali kwamba galaksi nzima imejaa ukungu. Jacobus Kapteyn wa Groningen, Uholanzi, hakuwa na darubini ya maana, lakini alikuwa na subira. David Gill alikuwa akipiga picha za mbingu ya kusini huko Rasi, na Kapteyn akazipima picha hizo nyota kwa nyota hadi ikapatikana orodha ya nyota 454,875. Alitambua kabisa kwamba, kama kuna kitu kinachoizuia nuru, hesabu zake zote zimepinda, maana nyota zitaonekana kupungua kila upande hata kama hazipungui, na mtazamaji atajiona yupo katikati. Akautafuta ushahidi wa kizuizi hicho kwa miaka, akaukosa, akaacha. Mwaka 1922, mwaka aliofariki, alitoa umbo lake la mwisho la galaksi: sahani ndogo, na jua karibu na kitovu. Ni kama mtu aliyesimama na kandili uwanjani wakati wa ukungu wa Njombe. Anaona hatua ishirini kila upande, naye anasema uwanja una upana wa hatua arobaini na yeye yupo katikati.

Aliyetutoa katikati alikuwa Harlow Shapley, mtoto wa mkulima wa Missouri, ambaye kwa maelezo yake mwenyewe alikwenda chuo kikuu ili asomee uandishi wa habari, akakuta masomo hayo hayajaanzishwa bado, akachagua falaki badala ya kurudi nyumbani. Alitumia kipimo kilichogunduliwa na mwanamke mwingine wa herufi ndogo, Henrietta Leavitt wa Harvard, aliyekuwa na uziwi. Kazi yake ilikuwa kuzichunguza picha zilizopigwa Peru, na humo, katika yale mawingu mawili ya nyota ya kusini yanayoitwa kwa jina la Magellan, mwaka 1912 alithibitisha kwamba kuna aina ya nyota ambazo mwanga wake hupanda na kushuka kwa kipindi maalumu, na kadiri kipindi kilivyo kirefu ndivyo nyota ilivyo kali. Basi ukikijua kipindi unaujua ukali wake halisi, na ukiulinganisha na ukali unaouona, unapata umbali. Kwa kipimo hiki na jamaa zake Shapley alipima umbali wa vishada vya mviringo, yaani makundi ya nyota mamia ya maelfu yaliyosongamana kama nyuki, ambayo mengi yapo juu na chini ya ile sahani. Akaona hayatuzunguki sisi. Yamejazana upande mmoja, upande wa Kausi. Mtu aliyejenga pembezoni mwa mji huona taa nyingi upande mmoja na giza upande wa pili, na hahitaji ramani kujua soko liko wapi. Mwaka 1918 Shapley alitangaza kwamba kitovu cha galaksi kiko mbali kule Kausi, na jua ni mkazi wa pembeni.

Lakini Shapley naye alikataa kwamba nuru inazuiwa. Vishada vyake vilikuwa nje ya sahani, ambako vumbi ni haba, kwa hiyo hakuliona, akahitimisha kwamba halipo popote. Akaipa galaksi upana wa miaka ya nuru 300,000, ambao ni mara tatu ya inavyokadiriwa sasa. (Mwaka wa nuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja, takriban kilometa trilioni 9.5.) Sehemu ya kosa hilo ilitokana na vumbi, na sehemu nyingine na kuchanganya aina mbili za nyota alizozitumia kama kipimo.

Tarehe 26 Aprili 1920, mjini Washington, Shapley alisimama mbele ya wanasayansi pamoja na Heber Curtis, kila mmoja akatoa hoja zake. Curtis alisema galaksi yetu ni ndogo na jua lipo karibu na kitovu, na hapo alikosea. Lakini alisema pia kwamba zile nyota-wingu za mzunguko kama konokono ni galaksi nyingine zilizo mbali, na hapo alikuwa sahihi, kama Edwin Hubble alivyokuja kuthibitisha kwa vipimo vilivyotangazwa mwanzoni mwa mwaka 1925. Tena Curtis alionyesha kwamba galaksi hizo zikitazamwa kwa ubavu huwa na mstari mweusi katikati, kama sandwichi, akasema bila shaka yetu nayo inao. Kwa hiyo mmoja aliijua nafasi ya jua akalikana vumbi, na mwingine alilijua vumbi akaikosea nafasi ya jua. Ningependa kila mwalimu anayesahihisha mitihani kwa kalamu nyekundu aijue habari ya jioni ile.

Robert Trumpler, Mswisi aliyefanya kazi katika kituo cha Lick huko California, ndiye aliyelimaliza jambo mwaka 1930, na njia yake ni rahisi hata mwanafunzi wa darasa la saba ataielewa. Alichukua vishada vya kawaida vilivyomo ndani ya sahani, akakadiria umbali wa kila kimoja kwa ufifi wa nyota zake. Kisha kwa umbali huo akakokotoa ukubwa wake halisi. Matokeo yakawa ya ajabu: kadiri kishada kilivyo mbali nasi ndivyo kilivyoonekana kuwa kikubwa, kila upande. Sasa, kwa nini vishada vinenepe kwa kuwa mbali na jua? Haiingii akilini. Jibu ni kwamba haviko mbali kiasi hicho. Nuru yake imefifishwa njiani. Angani kote, ndani ya sahani, kuna vumbi.

Mwaka 1994 nilikutana na yule kijana wa Rukwa katika kituo cha mabasi cha Makambako. Hakuwa kijana tena. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, na alinitambua yeye kwanza. "Shikamoo, Mwalimu." Nikaitikia, tukaagiza chai na chapati. Baada ya kuulizana habari za watu wa zamani nikamwuliza kama anaikumbuka usiku ule uwanjani.

"Naikumbuka, Mwalimu. Wenzangu waliniita Bwana Pasipoonekana mpaka tunamaliza chuo."

Alisema hivyo akicheka. Nikamwuliza kama watoto wake shuleni huuliza habari za yale madoa.

"Huuliza karibu kila mwaka."

"Nawe unawajibu nini?"

"Nawajibu ulivyotujibu, Mwalimu. Ni mahali pasipo na nyota."

Chai ilinikwama kooni. Miaka kumi na mmoja! Yeye aliyekuwa na shaka ya kweli aliitupa shaka yake akalichukua jibu langu, akalipeleka kijijini, na watoto mia kadhaa wakalimeza. Nikamwambia palepale kwamba nilikosea, kwamba ni vumbi, nyota zipo nyuma yake. Alinitazama, akauliza, "Nao walijuaje?" Lakini utingo alikuwa akigonga ubavu wa basi lake, nikamwahidi kumwandikia.

Nilimwandikia kurasa nne, habari za Herschel hadi Trumpler. Jibu lake lilikuja baada ya miezi miwili, fupi, na lilikuwa swali jingine: ikiwa vumbi limeziba hivyo, huko nyuma yake kuna nini, na nani amepaona? Nilifurahi kuliko nilivyofurahi kupata barua yoyote ya wizara.

Waliopaona, au tuseme waliopasikia, hawakuwa wanafalaki mwanzoni. Karl Jansky alikuwa mhandisi wa simu huko New Jersey, aliyetumwa kutafuta kinachosababisha mikwaruzo katika mawasiliano ya redio. Alipata radi za karibu, radi za mbali, na mvumo wa tatu, hafifu, uliorudi kila baada ya saa 23 na dakika 56. Hiyo ndiyo saa ya nyota. Jua lina saa 24. Mwaka 1933 alieleza kwamba mvumo huo unatoka upande wa Kausi. Mawimbi ya redio ni marefu mno kuweza kuzuiwa na chembe ndogo kama za moshi, kwa hiyo hupita katika vumbi kama sauti ipitavyo katika pazia.

Kisha ikaja vita. Uholanzi ikakaliwa na Wajerumani, na Chuo Kikuu cha Leiden kikafungwa baada ya kupinga kufukuzwa kwa maprofesa Wayahudi. Mwanafalaki Jan Oort, ambaye mwaka 1927 alikuwa ameonyesha kwamba galaksi inazunguka, alihama mji akaishi kijijini. Huko mafichoni alikuwa ameisoma habari ya redio, akamwuliza mwanafunzi aitwaye Hendrik van de Hulst: je, gesi iliyomo kati ya nyota haiwezi kutoa wimbi la redio lenye urefu maalumu? Gesi hiyo zaidi ni haidrojeni, nyepesi kuliko vitu vyote. Mwaka 1944, nchi ikiwa chini ya maadui na njaa kuu ikikaribia, van de Hulst alitoa jibu: haidrojeni baridi inapaswa kutoa wimbi la sentimeta 21. Chembe moja hulitoa kwa nadra sana, mara moja katika miaka milioni kadhaa, lakini chembe ni nyingi kiasi kwamba kwa jumla litasikika.

Lilisikika tarehe 25 Machi 1951. Ewen na Purcell wa Harvard walitumia chombo chenye umbo la tarumbeta kilichotokezwa nje ya dirisha la maabara. Majuma machache baadaye Waholanzi nao walilipata, kwa sahani ya rada waliyoiacha Wajerumani, wakiizungusha kwa mkono. Waaustralia wakathibitisha mwaka huohuo. Na kwa kuwa gesi inayotujia na gesi inayotukimbia hubadili kidogo urefu wa wimbi, iliwezekana sasa kuichora. Ilipofika mwaka 1958 Oort na wenzake walikuwa na ramani ya gesi ya galaksi, ikiwa na mikono iliyojikunja kama ya konokono, pamoja na sehemu zilizo nyuma ya madoa meusi.

Niliyomwandikia mwenzangu katika barua ya pili, na ambayo nimeyaongeza baadaye kwa simu na kwa ujumbe, naweza kuyasema kwa kifupi. Galaksi yetu ni sahani yenye upana wa miaka ya nuru 100,000 hivi na unene wa kama 1,000 tu katika sehemu zetu. Nyota zake ni kati ya bilioni 100 na bilioni 400. Katikati pana uvimbe mrefu kama mchi, na mikono hutoka hapo. Jua liko umbali wa miaka ya nuru karibu 27,000 kutoka kitovuni, nalo hutuchukua kulizunguka zima kwa miaka zaidi ya milioni 200. Vumbi ni kama sehemu moja kati ya mia ya uzito wa gesi, chembe za kaboni na za mawe zilizotokana na nyota zilizozeeka, na bado linatosha kuizima nuru: katika chembe trilioni moja za nuru inayoonekana zitokazo kitovuni kuja kwetu, inayofika ni takriban moja.

Lakini jambo lililonikata maini ni hili. Yale madoa meusi, ambayo mimi niliyaita mahali pasipo na kitu, ndiyo sehemu zilizosongamana gesi kuliko sehemu nyingine zote za sahani. Ndani yake kuna baridi ya nyuzi 260 chini ya sifuri hivi, na kwa sababu ya baridi hiyo gesi husinyaa, hujikusanya kwa uzito wake, ikawaka. Nyota huzaliwa humo. Jua letu lilizaliwa katika wingu kama hilo.

Kitovu chenyewe kimekuja kupimwa kwa mionzi ya joto, ambayo nayo hupenya vumbi. Reinhard Genzel na Andrea Ghez, kila mmoja na kundi lake, walizifuata nyota za huko kwa miaka mingi, wakaona zinakizunguka kitu kisichoonekana chenye uzito wa jua milioni 4. Walishiriki Tuzo ya Nobel mwaka 2020, na tarehe 12 Mei 2022 picha ya kivuli cha shimo hilo jeusi ikatolewa.

Picha niipendayo mimi ni nyingine. Mwaka 2018 Afrika Kusini ilizindua darubini ya redio ya MeerKAT, masahani 64 katika nyika ya Karoo, na siku ya uzinduzi ikaonyesha kitovu cha galaksi bila kizuizi, nyuzi nyembamba zimening'inia kama utando wa buibui. Nyika hiyo ndiyo nchi ya kale ya Waxam, wawindaji ambao lugha yao imekwisha kufa. Hadithi zao ziliandikwa katika karne ya 19, na moja husema kwamba Njia Nyeupe ilifanywa na msichana aliyerusha majivu ya moto angani. Majivu! Sisemi kwamba waliijua habari ya Trumpler. Nasema tu kwamba walitazama vizuri.

Kazi haijaisha. Chombo cha Ulaya kiitwacho Gaia, kilichorushwa mwezi Desemba 2013 na kuzimwa mwaka 2025, kilipima nafasi za nyota karibu bilioni 2, lakini kilitumia nuru ya kawaida, kwa hiyo kwenye mawingu kilikwama kama alivyokwama Kapteyn. Ng'ambo ya kitovu ramani bado ina mapengo. Mwaka 2017 wapimaji wa redio walitangaza umbali wa mahali pamoja huko, penye nyota changa: miaka ya nuru 66,000.

Katika barua zote hizo nilieleza habari za vumbi na gesi kwa ufasaha kadiri nilivyoweza. Nilipozisoma tena nakala zake hivi karibuni niliona kwamba hakuna mahali nilipomwandikia neno kuhusu kile kicheko. Labda niliona Makambako palitosha. Hapakutosha, maana kukiri kosa la jibu ni jambo moja, na kukiri kwamba ulimwaibisha mtu ili kulilinda jibu ni jambo lingine. Kwa hiyo nimelikiri hapa, naye atalisoma.

Yeye pia amestaafu, anaishi kijijini kwao, ambako usiku bado ni usiku. Julai iliyopita alinipigia simu saa nne, akaniambia yuko uani, Kausi iko juu, na mjukuu wake wa miaka saba ameuliza madoa yale meusi ni nini. Akasema afadhali nimjibu mimi, akampa mtoto simu. Nikamwuliza mtoto yeye anaonaje. Akafikiri, nikasikia anapumua, kisha akasema labda ni moshi wa jikoni kwa bibi.